Mayai Yanafanana, Minyoo Hawafanani: Kwa Nini Dawa Inagoma kwa Mbuzi na Kondoo Wako



Kila mvua zikishanyesha, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Afisa, mbuzi nimewapa dawa ya minyoo, tena sio mara moja. Mbona bado wanakonda, wanavimba chini ya taya na wengine wanakufa?" Jibu la haraka la mtaani ni kwamba dawa ni feki. Ni kweli dawa feki zipo, na zilizokaa juani dukani mpaka zikaharibika zipo pia. Lakini mara nyingi tatizo liko kwingine. Mfugaji hajui anapigana na mnyoo gani, na hajui kama mnyoo huyo bado anakufa kwa dawa anayonunua.

Leo tuongelee namna wataalamu wanavyowatambua minyoo na kuwapanga kwenye makundi yao kwa kutumia vinasaba, ile DNA tunayoisikia kila siku. Usiogope neno, wala usiseme haya ni mambo ya vyuoni. Ukifika mwisho utaona yanagusa mfuko wako moja kwa moja.

Hadubini inaishia wapi

Ukipeleka kinyesi cha mbuzi maabara, mtaalamu anakichanganya na maji ya chumvi yaliyokolea ili mayai ya minyoo yaelee juu. Kisha anayahesabu kwa hadubini kwenye kigae maalumu kinachoitwa McMaster, kilichobuniwa huko Australia miaka ya 1930. Anakupa jibu: mayai 800 kwa gramu, mayai 2,000 kwa gramu, na kadhalika. Kipimo hiki ni kizuri, ni cha bei nafuu, na mimi nakipigia debe kila siku.

Lakini kina mpaka wake. Kwenye tumbo na utumbo wa mbuzi mmoja wanaweza kuishi minyoo wa aina nyingi kwa pamoja. Yupo Haemonchus, mnyonya damu anayekaa tumbo la nne. Yupo Trichostrongylus, mwembamba kama uzi, anayeleta kuharisha. Yupo Oesophagostomum, ambaye ndiye anayeacha vile vinundu unavyoviona kwenye utumbo ukichinja. Wote hawa wanataga mayai yanayofanana mno. Ukiyaangalia kwa hadubini, kusema hili ni la huyu na lile ni la yule ni karibu haiwezekani.

Sasa shida iko hapa: madhara yao hayafanani hata kidogo. Haemonchus mmoja anakadiriwa kunyonya damu mililita 0.05 kwa siku. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini mbuzi mwenye minyoo 1,000 anapoteza mililita 50 kila siku, yaani kama robo kikombe cha chai. Mbuzi wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu hivi mwili mzima. Piga hesabu mwenyewe atafika lini. Na jike mmoja wa mnyoo huyu anaweza kutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, ndiyo maana malisho yanachafuka haraka sana.

Zamani, ili kujua aina kwa uhakika, ilibidi mnyama afe au achinjwe. Mtaalamu anafungua tumbo, anatoa minyoo madume, anaangalia mkia uliotanuka na vimiba viwili vidogo vya uzazi, anapima urefu wake na kulinganisha na vitabu. Njia nyingine ni kuotesha mayai kwenye kinyesi kwa siku 7 hadi 10 mpaka yatoe viluwiluwi, halafu kuviangalia mikia kimoja kimoja. Kazi hiyo inahitaji mtu mwenye jicho lenye uzoefu, na hata yeye hukutana na viluwiluwi vinavyomchanganya.

Vinasaba vinasomwaje

Kila kiumbe hai, kuanzia mahindi, mbuzi, wewe, mimi mpaka mnyoo, kina maandishi ndani ya seli zake. Maandishi hayo yana herufi nne tu: A, C, G na T. Mpangilio wa herufi hizo ndio unaoamua mnyoo awe Haemonchus na sio Trichostrongylus. Yai la mnyoo linaweza kufanana na la mwenzake kwa umbo, lakini maandishi ya ndani hayafanani.

Yai moja lina vinasaba kidogo mno, huwezi kuvisoma hivi hivi. Hapo ndipo inapoingia PCR, kile kipimo ambacho wengi tulikisikia wakati wa korona. Mashine inachukua kipande kimoja cha maandishi na kukizalisha: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa nane. Ikirudia hivyo mara 30, kipande kimoja kinaweza kuwa zaidi ya nakala bilioni moja. Sasa kinasomeka.

Kwa minyoo ya jamii hii, wataalamu wanapenda kusoma kipande kinachoitwa ITS-2. Sababu ni rahisi: ndani ya aina moja ya mnyoo kipande hiki hakibadiliki sana, lakini ukihamia aina nyingine unakuta tofauti. Ni kama alama za ng'ombe. Ng'ombe wote wa boma moja wana chapa moja, wa boma la pili wana chapa yao.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walichapisha njia ya kusoma kipande hicho kwa maelfu ya viluwiluwi kwa mkupuo mmoja. Jibu linatoka kwa asilimia: Haemonchus kiasi hiki, Trichostrongylus kiasi hiki, Oesophagostomum kiasi hiki. Hakuna haja ya kuchinja mnyama.

Ng'ombe na mbuzi malishoni: ni mnyoo mmoja au wawili?

Ngoja nikupe mfano mmoja wa jinsi vinasaba vilivyomaliza ubishi. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kuhusu Haemonchus contortus, anayependa mbuzi na kondoo, na Haemonchus placei, anayependa ng'ombe. Wapo waliosema ni aina mbili. Wengine walisema hapana, ni mnyoo yule yule amebadilisha nyumba tu.

Mwaka 1995 watafiti wa Australia walisoma ITS-2 ya wote wawili. Kwenye kipande chenye herufi 231 walikuta tofauti ya herufi tatu. Tatu tu! Lakini tofauti hizo zilisimama imara kila walipolinganisha huyu na yule. Kwa hiyo ni ndugu wa karibu sana, ila ni aina mbili.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa minyoo kutoka Pakistani na kusini mwa India, ukaonyesha kwamba aina hizi mbili zinaweza kupandana na kutoa machotara pale mifugo inapochanganyika. Mfugaji unayechunga ng'ombe, mbuzi na kondoo kwenye nyanda moja, sikiliza vizuri. Maana yake ni kwamba usugu wa dawa ulioanzia kwa minyoo wa mbuzi unaweza kuhamia kwa minyoo wa ng'ombe kwa njia ya uzazi. Huwezi kusema "hii ni shida ya mbuzi, ng'ombe wangu hawanihusu."

Herufi moja inayokuchosha

Hapa sasa ndipo penye pesa yako. Dawa za jamii ya albendazoli zinafanya kazi kwa kunasa kwenye protini moja ya mnyoo inayoitwa tubulini. Protini hii ni kama fito za nyumba ya udongo, ndiyo inayoshikilia seli. Dawa ikiinasa, mnyoo hawezi kujenga fito mpya, hawezi kula, anakufa.

Mwaka 1994 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba kwa Haemonchus sugu, kwenye jeni ya tubulini, nafasi ya 200, herufi T imegeuka kuwa A. Herufi moja tu. Baadaye yakajulikana mabadiliko ya namna hiyo kwenye nafasi ya 167 na ya 198 pia. Herufi ikibadilika, umbo la protini linabadilika kidogo, dawa inakosa pa kunasa. Mnyoo anameza dawa kama maji.

Na mambo haya hayachelewi. Dawa ya kwanza ya jamii hii, thiabendazoli, iliingia sokoni mwaka 1961. Kufikia 1964 taarifa za Haemonchus sugu zilishatoka Marekani. Kwetu Afrika Mashariki nako usugu sio stori mpya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna tafiti zilizouthibitisha kwenye kondoo na mbuzi, Kenya na hapa Tanzania.

Mnyoo anapata nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala mbili za usugu, dawa haimuui. Mwenye nakala moja tu, dozi kamili mara nyingi inammaliza, lakini dozi pungufu inamwacha hai. Kwa hiyo unapompa mbuzi wa kilo 30 dozi ya kilo 20 kwa sababu umekadiria kwa macho, hujabana matumizi. Umeua minyoo dhaifu na kuwabakiza wale watakaozaa kizazi sugu kabisa.

Jambo la pili ni majina ya dukani. Albendazoli, fenbendazoli, oksfendazoli na mebendazoli ni ndugu wa tumbo moja, wote wananasa pale pale kwenye tubulini. Mnyoo aliyebadilisha herufi yake anawashinda wote. Unakuta mfugaji ananiambia "afisa, nimebadilisha dawa," ukisoma kopo ni albendazoli ile ile, imebadilika rangi ya lebo na jina la kampuni. Umebadilisha kopo, hujabadilisha dawa.

Minyoo ya ini: nao wana pacha wao

Kabla hatujaenda kwenye ushauri, nigusie minyoo bapa wa ini, maana nao wanavimbisha taya na kumaliza damu, na wengi wanawachanganya na Haemonchus. Mayai yao ni mazito, hayaelei kwenye maji ya chumvi, yanazama. Kwa hiyo kipimo cha kuelea kinaweza kusema mbuzi ni msafi kumbe ini limeoza. Ni lazima uiambie maabara ipime na minyoo ya ini, wao wana njia ya kuyazamisha mayai.

Wapo wa aina mbili kwetu: Fasciola gigantica na Fasciola hepatica. Umbo linakaribiana, na wakiwa wadogo au wakichanganya damu macho hayatoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu kusini mwa Tanzania ulitumia vinasaba kuwatenganisha. Hepatica alipatikana juu kwenye baridi, ukanda wa Kitulo, na gigantica maeneo ya chini yenye joto. Kila mmoja ana konokono wake. Konokono wa hepatica ni mdogo, anapenda tope la kingo za vijito na sehemu chepechepe. Konokono wa gigantica anapenda maji yanayokaa muda mrefu, kama mabwawa na mifereji. Ukijua una mnyoo yupi, unajua pa kuweka uzio.

Angalizo la dawa: ivermektini na levamisoli peke yake haziui minyoo ya ini. Albendazoli inaua wakubwa tu, tena kwa dozi ya juu kuliko ya minyoo wa tumboni. Triklabendazoli ndiyo inayofika mpaka kwa wale wadogo wanaotoboa ini.

Sasa mfugaji ufanye nini?

Najua unajiuliza: mashine ya PCR naipata wapi mimi wa kijijini? Ni kweli, kipimo cha vinasaba bado si huduma ya kila wilaya. Vyuo kama SUA na taasisi za utafiti ndizo zinazokitumia zaidi. Lakini somo lake unaweza kulitumia leo hii bomani kwako.

1. Pima kabla ya kununua. Kusanya kinyesi kibichi moja kwa moja kutoka kwa mnyama, sio cha chini. Vaa glavu, chukua vidonge kadhaa, geuza glavu, toa hewa, funga, andika alama ya mnyama. Weka kwenye chombo chenye barafu lakini kisigande, na kifike maabara ndani ya saa 24, la sivyo mayai yataanguliwa njiani. Ukichelewa piga simu kwanza uulize. Vituo vya kanda vya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania vinaweza kukusaidia, na afisa mifugo wa kata yako atakuelekeza kilicho karibu.

2. Ipime dawa yenyewe. Chagua wanyama 10 hadi 15, chukua kinyesi, wape dawa kwa uzito sahihi, kisha chukua kinyesi tena baada ya siku 14. Tuseme wastani kabla ulikuwa mayai 1,200 kwa gramu, na baada ya dawa ni 300. Yamepungua 900, sawa na asilimia 75. Dawa nzuri inatakiwa ipunguze angalau asilimia 95. Kwa mfano huu, dawa hiyo haikufai tena, hata muuzaji akuapie.

3. Badilisha kundi, sio kopo. Soma kiambato kwenye lebo. Kundi la kwanza ni jamii ya albendazoli. La pili ni levamisoli na tetramisoli. La tatu ni ivermektini na ndugu zake kama doramektini. Kama la kwanza limegoma, hamia la pili au la tatu kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

4. Pima uzito. Kama huna mizani tumia utepe wa kupimia kifua. Kumbuka pia mbuzi huimaliza dawa mwilini haraka kuliko kondoo, kwa hiyo dozi ya kondoo mara nyingi haimtoshi. Lakini usijiongezee mwenyewe, hasa levamisoli, maana ikizidi ni sumu. Uliza dozi ya mbuzi. Na jike mwenye mimba changa usimpe albendazoli.

5. Angalia macho, tibu anayehitaji. Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi tano iitwayo FAMACHA. Unafunua kope la chini la jicho na kulinganisha rangi. Namba 1 ni nyekundu nzuri, namba 5 ni nyeupe, damu imekwisha. Wa 4 na 5 wape dawa bila kuchelewa, na mbuzi au mwanakondoo wa 3 naye umtibu. Wa 1 na 2 waache. Minyoo wachache waliobaki kwa hao hawajapigwa dawa, bado wana zile herufi za zamani, na wakipandana na sugu wanapunguza nguvu ya usugu. Ukimpa dawa kila mnyama kila mwezi, unabakiza sugu watupu. Ila jua kope jeupe linaweza kuletwa pia na minyoo ya ini, nagana au ndigana baridi, kwa hiyo likizidi muite mtaalamu.

6. Mgeni asiingie zizini moja kwa moja. Mbuzi wa mnadani anaweza kuja na minyoo sugu tumboni. Mtenge, mtibu kwa makundi mawili tofauti kwa maelekezo ya daktari, na mpime kinyesi baada ya siku 14 kabla hujamchanganya na wenzake.

7. Chunga kwa akili. Viluwiluwi hupanda majani yenye umande, kwa hiyo peleka wanyama umande ukishakauka. Watoto wapate malisho ambayo wakubwa hawajayachafua. Na usidharau mbegu za kwetu. Majaribio yaliyofanywa Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kondoo wekundu wa Kimasai wanastahimili minyoo kuliko Dorper. Ukichagua dume, hiyo nayo ni dawa, tena haiishi muda wake.

Neno la mwisho

Dawa za minyoo tulizonazo madukani makundi yake ni machache, na mapya hayaji kila mwaka. Kila dozi pungufu na kila kopo linalotolewa kwa kubahatisha linakaribisha siku ambayo hakuna dawa itakayofanya kazi kwenye boma lako, na la jirani yako pia, maana malisho ni yale yale. Wataalamu wametuonyesha kwamba tofauti ya mbuzi kupona au kufa inaweza kuwa herufi moja ndani ya mnyoo. Herufi hiyo hutaiona kwa macho, lakini hesabu ya mayai kabla na baada ya dawa itakuonyesha kama ipo.

Basi ndugu mfugaji, wiki hii kabla hujaenda dukani, kasome kopo ulilotumia mara ya mwisho. Andika kiambato chake kwenye daftari, pamoja na tarehe na uzito wa wanyama. Halafu mtafute afisa mifugo wa kata yako mpange siku ya kuchukua kinyesi. Ukiweza jikusanyeni wafugaji watatu wanne, gharama ya kwenda maabara mgawane.